Sanduku la Shangazi Katika Treni ya Mwanza

Kisa hiki tulisimuliwa kwanza na shangazi, Krismasi ya 1986, aliporudi Kisumu kutoka likizo Tanzania na mumewe. Walipokwenda, meli iliwafikisha Mwanza. Hapo karani wa treni akawaambia kwamba daraja la pili wanawake hulala vyumba vyao na wanaume vyao.

"Na sanduku letu?" shangazi akauliza.

"Nitalilinda mimi," mumewe akasema.

"Wewe, Baba? Ukilala, hata ng'ombe wakiibwa husikii!"

Wakakata tiketi za daraja la tatu, wakaketi wima mpaka Dar es Salaam, sanduku miguuni.

Nilimuuliza lilikuwa na nini. Alijifuta mdomo kwa leso, akacheka. "Nguo kuukuu na omena, dagaa wa ziwani. Ningelala peke yangu na wageni, mbali na mume wangu?"

Mumewe amefariki. Shangazi yuko hai, mtaa wa Migosi, Kisumu.