Maganda Manene ya Mke wa Mukama

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni kwa binti yangu, mtaa wa Nshambya, nikamwona anavyomenya ndizi. Ganda nene, ndizi yenyewe imebaki kama kidole. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ewe rafiki yangu, ningemwelezaje kwamba katika mikono yake nilimwona mke wa Mukama?

Utotoni kwetu Muleba tulikuwa na jirani ambaye watu wazima walimpigia magoti. Alikuwa mmoja wa wake wa Mukama, mfalme wetu wa zamani. Ufalme ulipofutwa na mumewe akafariki, alirudi kwenye kibanja, shamba la migomba la baba yake, akajengewa nyumba mpakani na sisi. Tulimwita Mugole, jina la heshima la mke wa mfalme. Alitembea polepole kama mwenye nchi, na kweli zamani alikuwa mwenye nchi.

Mimi ndiye niliyempelekea maji. Nyumba yake ilinukia nyasi mbichi zilizotandikwa sakafuni. Alinipa kahawa ya kutafuna, nami nikatafuna kama mzee huku akinisimulia ikulu: maziwa kila asubuhi, vijakazi, kutoshika jembe wala kisu. Mimi nilimeza mate kwa wivu. Yeye mwenyewe alikuwa na jambo moja tu moyoni, na siku moja alilitoa.

"Mjukuu wangu, tangu nije hapa hakuna aliyemtuma mtoto kuomba chumvi kwangu."

Nilipomfikishia bibi yangu maneno hayo, alinikata jicho. Tangu lini chumvi ikaombwa ikulu? Bibi alimheshimu mno, na heshima hiyohiyo ndiyo iliyomwacha yule mama mpweke. Nilimwonea huruma hata nikiwa mtoto.

Ikafika harusi ya shangazi. Wanawake wa kijiji walikaa uani juu ya majani ya migomba, wanamenya ndizi na kupiga soga, mikono myeusi kwa utomvu. Mara Mugole huyo, na kisu chake mkononi. Soga zikakatika. Bibi akakurupuka kuleta kiti. Mugole akakikataa, akakunja miguu, akakaa chini na wenzake, akachukua ndizi.

Loo, alivyomenya! Ndizi yote ilikwenda na ganda. Tuliinamisha vichwa, tunajikaza. Bibi yangu, mwenye adabu kuliko wote, ndiye aliyeshindwa.

"Waitu," akasema kwa heshima zote, "mbuzi wangu leo watakushukuru."

Mugole alilitazama rundo lake, akacheka kutuzidi sote. Bibi akamsogelea, akamshika mkono, akamwonyesha jinsi ya kulaza kisu.

Kesho yake asubuhi bibi alinituma kwa Mugole kuomba chumvi. Kopo letu lilikuwa limejaa. Nililijaza mwenyewe jana yake. Nilikimbia bila kuuliza. Mugole alinipimia kwa mikono miwili, huku machozi yanamtoka, akanisindikiza mpaka mlangoni.

Kumenya hakukujua mpaka mwisho wake. Alipofariki, watu wa ukoo wa kifalme walikuja na ngoma, wakamzika kwa heshima. Sisi tulikuwa uani na ndizi zetu. Ya kwanza bibi aliimenya kwa ganda nene makusudi, machozi yakimdondokea kisuni.

Siku hizi nyasi sakafuni hakuna, ni vigae. Kila nyumba ina geti na chumvi yake. Nilimwambia binti yangu aendelee kumenya hivyohivyo. Kisha nikamwita mjukuu, nikamtuma kwa yule mama mgeni aliyehamia juzi nyumba ya pili, akaombe chumvi kidogo.

"Lakini bibi, mbona kopo limejaa?"

"Nenda," nikamwambia.