Mkwe Mwenye Kibendera

Nilizaliwa Tinde, kwenye nyumba ambayo lori likipiga honi barabarani masufuria ya mama yanaitikia. Mpira niliuanza kwa kuwachokoza kaka zangu, nikiwanyang'anya na kukimbia nao mpaka kwenye mtama, na wao wakinifukuza kwa hasira ya kweli. Uchokozi huo sijauacha. Siku hizi nalipwa mshahara kwa ajili yake, kwenye chuo cha ualimu mjini Shinyanga, na kwenye mlango wa ofisi yangu wameandika kwamba mimi ni mkufunzi wa michezo.

Kabla ya chuo nilicheza kwenye machimbo ya Geita. Shangazi yangu alikuwa anauza wali na maharage kwa wachimbaji, nami nikapelekwa kumsaidia kuosha sahani. Huko nilikuta wanawake wenye miguu mizuri kuliko timu nzima ya wanaume: wapishi, wabeba maji, waponda mawe. Tulichokosa ni uwanja. Uwanja ulikuwa mmoja, karibu na karasha la kusagia mawe, na wanaume waliukalia kila jioni kama wameurithi.

Dawa yao tuliigundua kwa bahati. Wachimbaji wanaamini kwamba mwanamke akisogelea duara, yaani lile shimo lenyewe, dhahabu inakimbia. Jioni moja tulinyimwa uwanja, tukasema basi, tutafanyia mazoezi ya kukimbia kule juu, tukaanza kupanda taratibu kuelekea kwenye maduara huku tunaimba. Hatujafika hata nusu ya njia, kipa wa wanaume alikuwa ameshatufikia, anahema, anatuomba turudi, uwanja ni wetu. Kuanzia siku hiyo hatukugombana tena na mtu. Tulikuwa tunageuka tu na kuangalia mlimani. Mwenye duara mmoja, mtu wa tumbo kubwa na simu nyingi, alitununulia jezi na mipira ili mradi tucheze bondeni, na watu wakamsifu kwamba anainua soka la wanawake.

Kutoka pale nikachukuliwa na timu kubwa, nikacheza ligi, nikapanda mabasi ya usiku na mchana, nikaonwa na mwanaume mmoja mpole wa huko huko kwetu. Alitoa ng'ombe, akanioa. Baba yake hakuwahi kuniona uwanjani, alihadithiwa tu. Aliposikia kwamba mke wa mwanawe anavaa bukta mbele za watu, alituma ujumbe kwamba nichague. Nikachagua, na ng'ombe wakarudi walikotoka. Baba yangu aliwaswaga mwenyewe, na siku zile zote hakuniambia neno, wala baya wala zuri. Watu hupenda niseme kwamba sikujuta. Niliumia sana, nilimpenda yule mwanaume, na mechi iliyofuata nilicheza vibaya hata mashabiki wetu wenyewe wakanizomea.

Baadaye goti likaniambia inatosha, na chuo kikanichukua.

Sasa hapo chuoni nilipata winga. Ni binti wa kijijini, ameolewa Kagongwa na kijana mfanyabiashara wa mpunga, na aliyemruhusu kusoma na kumlipia ada ni baba mkwe wake, mwalimu mstaafu. Mume wake alijua kwamba anacheza, akanyamaza, kwa sababu anapenda mpira kuliko anavyopenda kupima magunia. Mkwe hakujua. Yeye alijua anamsomesha mwalimu. Kila nilipomwona yule binti akikata kulia na mpira ukimfuata mguuni, furaha yangu ilikuwa na woga ndani yake, maana niliijua ile nyumba bila kuingia.

Tukapangiwa mechi Runzewe na chuo cha upande wa Geita. Ili kusiwe na upendeleo, kwa kuwa uwanja ni wa upande wao, waamuzi waliletwa kutoka kwetu, upande wa Kahama, iliko Kagongwa. Timu zikajipanga kukaguliwa, na winga wangu akashika tumbo.

"Mwalimu, naumwa."

Tumbo la mchezaji nalifahamu. La kweli huanza asubuhi. Nikamuuliza tumbo limeanza lini.

"Limeanza kwa yule mzee mwenye kibendera," akasema. "Ni baba mkwe."

Nikatazama. Mzee mrefu, soksi amezivuta hadi magotini, bukta nyeusi imepigwa pasi, amesimama kwenye mstari kama anasubiri kengele ya shule. Winga alikuwa anajua kwamba mkwe wake huchezesha mechi za wanaume huko kwao. Hakuna aliyefikiri kwamba angetumwa kwenye mechi ya wasichana, na nadhani hata yeye mwenyewe hakufikiri.

Kwetu Usukumani mkwe si mtu wa kutazamana naye. Ukikutana naye njiani unatoka kwenye njia. Unamwamkia kwa magoti, macho chini. Huli naye, humpi mkono, na yeye hakukazii macho. Akiwa na neno lako analipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama umekaa palepale unalisikia. Kumwonyesha mapaja ni jambo ambalo mtu hulisikia likitokea makabila mengine.

"Akiniona hivi, Jumatatu nipo Kagongwa napepeta mchele," akasema, na machozi yalikuwa karibu.

Mwenye akili angemweka benchi. Lakini aliyekuwa benchi kwa nafasi ile ni binti anayekimbia vizuri sana, tatizo lake ni kwamba mpira humfanya asimame. Nikamwendea refa, nikauliza kama mchezaji wangu anaweza kufunga kitenge juu ya bukta. Refa alinitazama kama nimemwomba ng'ombe aingie kucheza beki. Basi tukamvua kipa wa akiba suruali yake ndefu, tukamvika winga. Dada mmoja Mwislamu wa timu yetu akamfunga mtandio wake wa akiba, ukamfunika hadi kidevuni. Tukamtazama. Mama yake mzazi angempita asimjue.

Mpira ukaanza, na kama shetani anavyopenda mambo yake, kipindi cha kwanza upande wa winga ndio ulikuwa upande wa mkwe. Dakika za mwanzo alicheza vizuri. Alimpita mzee mbio, uso ameugeuzia katikati ya uwanja. Mzee alikuwa anafuata mstari wake, hana habari. Nikaanza kujipongeza.

Kisha mpira ukatoka nje, wa kwetu kurusha. Ukatoka palepale miguuni pa mzee. Akauokota, akauleta, na binti akaja kuupokea, na wakajikuta uso kwa uso, nafasi ya kupita mbuzi.

Magoti yakamshuka yenyewe. Nilimwona akipiga magoti kwenye nyasi, mpira ameupokea kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu mzee, na uso akaugeuza pembeni haraka kama inavyopasa, kabla hajajua anamgeuzia nani.

Ndipo wote wawili wakajua. Uwanja ukacheka wote kwa pamoja. Kocha wa wenzetu akaanza kulalamika kwa sauti kwamba Shinyanga wanabembeleza waamuzi kwa heshima, na refa akapuliza filimbi kuuliza kama tunarusha au tunasalimiana. Binti akarusha. Mpira ukaenda moja kwa moja kwa adui, wala sikumlaumu.

Kuanzia hapo ikawa sarakasi. Binti akifika upande ule, mzee anageuza shingo anatazama mashamba. Binti akirudi kati, mzee anarudisha shingo. Beki wao alipomwangusha, mzee alikuwa anahesabu mawingu. Winga naye akawa anakimbia akikunjakunja mwili kama anapita chini ya kamba ya nguo. Kila aliyekuwepo alikuwa anafurahi isipokuwa hao wawili, na mimi nilikuwa nafurahi kuliko inavyofaa kwa mkufunzi, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu.

Mshika kibendera asiyemtazama winga hawezi kuona ameotea.

Mchezaji mmoja alipoumia na mchezo kusimama, nikamwita binti aje anywe maji.

"Nenda kasimame nyuma ya beki wao wa mwisho," nikamwambia. "Usirudi."

"Mwalimu, hiyo ni kuotea."

"Ataona nani?"

Alishusha chupa, akanitazama. Mwanafunzi wa ualimu akikutazama vile unajua anakusahihisha. "Mwalimu, yule ndiye ananisomesha."

"Basi mfungie goli aone faida yake," nikasema, nikamsukuma uwanjani.

Alikwenda. Hata leo sijui kama alinitii au alikuwa amechoka kuogopa. Mpira mrefu ukapigwa kutoka nyuma, ukampita kila mtu, ukamkuta peke yake na kipa wao. Mtandio ulikuwa umeshamfunguka, unapepea mgongoni. Akampita kipa, akaupiga wavuni taratibu. Benchi zima likaruka. Mimi nilirukia goti langu bovu na sikusikia maumivu.

Nilipotua nikaona kibendera kiko juu.

Mzee alikuwa amesimama wima, mkono umenyooka, na hatazami mashamba wala mawingu. Alikuwa anamtazama winga wangu, kwa macho yake yote, binti kichwa kikiwa wazi na suruali ya kipa imemnasa miguuni kwa jasho. Na binti naye, kwa mshangao, alikuwa anamtazama. Refa akakataa goli.

Kocha ana wajibu wake. Nikaenda mpaka kwenye mstari kulalamika, ingawa nilijua kuliko mtu yeyote uwanjani kwamba ameotea, mimi ndiye niliyempanga aotee.

"Mzee wangu, umeonaje na wewe ulikuwa unatazama mihogo ya watu?"

Hakukasirika. Alikuwa anashusha kibendera polepole.

"Mayu," akaniambia, yaani mama, kwa heshima ya kwetu, "nimemtazama."

Nilirudi benchi nikakaa, nikaona aibu, kisha hofu ikapita ile aibu. Mkwe ameshamtazama. Sasa imekwisha, nikajisemea, chuo kimekwisha, na ni mimi niliyemtuma. Nilimkumbuka baba yangu nyuma ya wale ng'ombe.

Kipindi cha pili tulibadilishana pande, winga wangu akawa upande wa mbali, uwanja mzima kati yake na mkwe wake. Alicheza kama mtu aliyeshaaga. Alipiga krosi, tukafunga kwa kichwa, wenzetu wakasawazisha kwa penalti ambayo hata bibi yangu asiyeona vizuri angeikataa, ikaisha hivyo. Sina hakika hata nani alifunga lile la kwetu. Nilikuwa namwangalia mzee, na mzee alikuwa anatazama ng'ambo ya uwanja.

Mechi ilipokwisha akaja kwenye benchi letu, kibendera amekikunja kwapani. Msichana mmoja akabaki na chupa mdomoni. Winga wangu alikuwa anafungua kamba za njumu. Akashuka chini, akapiga magoti nyuma ya ndoo ya maji, macho ardhini.

Mzee hakumgeukia. Alisimama mbele yangu mimi, akanisalimu kwa Kisukuma, nikaitikia, akaniuliza habari za safari na habari za mvua kwetu. Nikajibu zote. Ndipo akasafisha koo.

"Mayu, una mchezaji wako wa upande wa kulia."

"Ninaye, baba."

"Mwambie aliotea."

Nikageuka kwa binti, aliyekuwa hatua moja kutoka mguuni pangu. "Unaambiwa uliotea."

"Mwambie nasikia," akasema binti chini.

"Anasema anasikia."

"Mwambie ana mbio, hana haja ya kuiba hatua. Asubiri mpira utoke mguuni mwa mwenzake ndipo akimbie. Na aliyemfundisha kusimama pale," akanitazama mimi sasa, machoni kabisa, "naye aambiwe."

"Ataambiwa, baba."

Nikapitisha ile sehemu ya kwanza. Ile ya pili niliona imeshafika.

Wenzake waamuzi walikuwa wanamwita, gari linaondoka. Alihamisha kibendera kutoka kwapa moja kwenda jingine, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ni mtu anayeogopa kitu, kama sisi.

"Mwambie ile suruali si yake," akasema. "Inamkaba. Mechi nyingine avae kama wenzake. Macho yangu nitayafundisha mwenyewe."

Kisha akasema wabeja, yaani ahsante, akaondoka.

Nikageuka nimfikishie binti. Alikuwa amesikia kila neno, kila mtu pale alikuwa amesikia. Lakini neno la mkwe haliokotwi hewani, ni lazima upewe na aliyetumwa, basi akawa amepiga magoti anasubiri, uso ameuinua kwangu. Nikafungua mdomo, sauti ikagoma. Nikajaribu tena. Na yeye, kwa adabu zake zote, akaendelea kusubiri mpaka nikaweza.