Mkono Alioinua Thadeo

Tangu amalize darasa la saba, Thadeo alikuwa na namna moja ya kukaa na wasomi: kutikisa kichwa. Afisa kilimo akieleza, anatikisa, kisha anasema, "Sawa kabisa." Mkewe, Imaculata, alimtania kwamba hata padri angehubiri Kilatini, mumewe angeitikia sawa kabisa.

Majirani zake wa Mshangano walikiona kichwa kile kikitikisika, wakaamini mna kitu ndani. Ndiyo maana ulipokuja utafiti wa mbegu za mahindi, walimteua awe msemaji wa wakulima. Utafiti ulikuwa wa wote. Wakulima walipanda kila mmoja mbegu yake na kupima mavuno, watafiti wakaingiza vipimo kwenye kompyuta, na kila mtu alikuwa na haki ya kujua hesabu imefanywaje.

Baada ya mavuno, waliitana ukumbini Mfaranyaki kuchagua lugha ya kuandikia programu ya hesabu hizo. Judica, mtafiti aliyehamia kutoka Kilimanjaro, alitaka lugha iitwayo R.

"Ni ya bure," alisema. "Yeyote anaiweka kwenye kompyuta yake, anafungua programu yetu, anaona tulivyokokotoa. Akiona kosa, anatuambia."

Mwenzake Derick alitaka lugha nyingine aliyoizoea chuoni, ambayo leseni yake hulipiwa kila mwaka. Kwa lugha hiyo angemaliza kazi mapema, kabla ya mvua za kupandia.

Thadeo aliambulia maneno machache tu. Alichokijua vizuri ni kwamba juzi yake Derick alikula ugali kwake, tena akaongezewa. Nyumbani kwa Thadeo walilelewa hivyo: mgeni uliyekula naye sahani moja humpingi mbele za watu. Wanaomuunga mkono Derick walipoambiwa wanyooshe mikono, alinyoosha. Nyuma yake wakulima wote wakanyoosha, kwa maana walikuwa wakimtazama yeye.

Matokeo yalipotoka, Lidwina, mjane mkulima wa Hanga, alifika kwa Thadeo, akakataa kiti.

"Baba Getruda, mbegu yangu imeshika mkia. Wanataka kuitoa kwenye majaribio. Mwalimu wetu Aidan amejaribu kuifungua hiyo programu tuone walivyohesabu. Haifunguki bila leseni."

"Pole, mama."

"Sijafuata pole. Wewe uliichagua kwa sababu gani? Nieleze, na mimi nielewe."

Imaculata, aliyekuwa analeta togwa, aligeuka akarudi nalo jikoni.

"Mimi nilikaa nyuma yako," Lidwina alisema polepole. "Nilinyoosha kwa kuwa wewe ulinyoosha."

Jumapili ile Thadeo alisali akiwa amesimama mlangoni mwa kanisa, akatoka kabla watu hawajaanza kusalimiana. Kesho yake alimfuata Derick ofisini, akamweleza hayo macho yakiwa sakafuni. Alitegemea kugombezwa. Derick alimuuliza tu.

"Mzee wangu, mbona ulikuwa unatikisa kichwa? Judica aliniambia wakulima hawajaelewa. Nikamjibu, mtazame Mzee Thadeo, anaelewa kila kitu."

Hapo ndipo aibu ilipomshika hasa. Kumbe hakuwa amewapoteza wenzake peke yao. Hata huyu kijana alikuwa ameegemea kichwa chake kitupu.

"Naomba mkutano urudiwe," alisema kwa sauti ndogo.

Uliporudiwa, alisimama, mikono haijui pa kukaa. "Siku ile sikuelewa. Nilimuunga mkono Derick kwa kuwa alikula kwangu."

"Basi angekula kwangu," alidakia Otto, mkulima mwenzake, kutoka nyuma, "tungechagua trekta."

Ukumbi ulicheka. Derick naye alicheka kidogo, akainamia simu yake. Thadeo alitamani kukaa, lakini alimwomba Judica aeleze upya. Akamkatiza kwa maswali mara nyingi, kila mara masikio yakiwaka moto, hadi mwenyewe akaweza kuwaeleza waliokaa karibu naye tofauti ya lugha inayofunguliwa na yeyote na ile inayotaka leseni. R ikapita, na ikakubaliwa kwamba mbegu ya Lidwina isitolewe mpaka hesabu ziandikwe upya.

Ziliandikwa. Aidan alizifungua kwenye kompyuta yake na kumsomea Lidwina mstari kwa mstari, shamba lake na mashamba ya wenzake. Mbegu yake ilishika mkia vilevile.

Lidwina alikuja mwenyewe Mshangano kumwambia Thadeo. "Sasa nimeona kwa macho. Waitoe tu, nitaipanda nyumbani, watoto wanapenda mahindi yake ya kuchoma." Kisha akampa mkono. "Asante, Baba Getruda."

Thadeo aliupokea mkono ule bila kuinua uso. Angelaumiwa, angeomba radhi; asante ile aliona hakuistahili.