Dawa ya Maziwa na Kiti Changu

Nilipokuwa mtoto kule Bahati, juu ya mji wa Nakuru, ulikuwako mmea mmoja ambao ulikatazwa kupandwa. Mahindi panda, viazi panda, pareto panda mpaka mgongo ukatike; lakini huo, thubutu. Cucu, mama yake baba, alisema mwanamke akiupanda kwa mkono wake hatapata kiti duniani: atazeeka akisimama kwenye milango ya watu.

Chuo kikuu kilinifundisha kuuita Astragalus. Fine, asanteni. Kwetu ulikuwa dawa ya maziwa, basi. Kichaka cha kufika gotini, majani madogo yaliyopangana kama unyoya, maua meupe yenye zambarau kidogo, na mzizi unaokaa ardhini mwaka baada ya mwaka. Uliota kwenye nyasi za ukingo wa msitu. Ng'ombe akigoma kutoa maziwa, Cucu alimchanganyia matawi na lishe. Kidogo tu, ukizidisha, ng'ombe anapepesuka kama mlevi.

Mdogo wangu Kamau alizaliwa wakati mama ni mgonjwa, titi halina kitu. Aliishi kwa maziwa ya Njata, ng'ombe wetu wa pekee, na Njata bila dawa hakutoa hata tone. Ndipo yule tajiri aliyenunua shamba la mzungu kando ya msitu, Mwafrika mwenzetu tuliyempigia makofi, akafunga njia ya msituni kwa seng'enge. Uhuru huo. Nyumbani kulibaki fungu moja la dawa lililokaushwa. Likiisha, mtoto anywe nini? Cucu alisema tuombe Mungu.

Mimi niliomba, halafu nikafikiria. Waliowahi kuchuma mbegu wakazipanda kwa siri hawakuona chochote kikiota, na huo ndio ulikuwa ushahidi wa laana. Lakini kwenye njia ya mbuzi, palipojaa kinyesi, nilikuwa nimeona miche yake. Basi nikapenyeza mkono chini ya waya, nikachuma maganda makavu yenye mbegu, nikamlisha mbuzi wetu. Alichotoa nikakitandaza nyuma ya zizi. Mvua ikanyesha, miezi ikapita, fungu likazidi kupungua.

Cucu aliviona vichaka kabla sijajua nitasema nini.

"Ni nani amepanda hii kitu?"

"Ni mbuzi, Cucu."

"Mbuzi ako na mikono?"

"Hana. Ndio maana hajavunja sheria."

Mama alicheka kutoka kitandani, mara ya kwanza tangu ajifungue. Cucu hakucheka. Aliniambia polepole, bila hasira, kwamba mdomo huo utanisimamisha mpaka miguu iote mizizi. Kisha akachomoa kisu, akainama, akakata matawi ya Njata. Fungu lilikuwa limeisha siku hiyo hiyo. Kamau alikunywa akalala, na hakuna aliyezungumzia mbuzi tena.

Leo niko na degree ya botany na nakaa kwa tata, dada ya baba, huko mtaa wa Section 58, mjini Nakuru. Nimesimama kwenye milango ya ofisi zote za mji huu. Karani mmoja alinieleza wazi, bila haya, kwamba nafasi tayari ina mwenyewe, mtoto wa ndugu ya mkubwa. Interview ni ya kupamba tu. Tata akanihurumia: "Enda nyumbani, mama, ung'oe hiyo kitu. Cucu wako alisema ukweli."

Nilienda, na jembe begani, maana njaa inaweza kukufanya mjinga. Nikamkuta Kamau, sasa amenipita kwa urefu, akikata matawi ya ng'ombe wa jirani. Aliuliza kama kweli nimekuja kung'oa. Nikampa jembe, nikamwambia apalilie.

Sidhani Cucu alidanganya. Alijua vizuri dunia inavyomfanyia msichana asiyenyamaza. Kosa lake ni kuusingizia mmea. Milango yangu imefungwa na watu, wana majina, wana matumbo, na kila asubuhi wanapita mbele yangu wakiingia kazini. Ningeung'oa ule mmea, ningekuwa nimewasamehe, na wao hawajaniomba msamaha.