Mikono Sebuleni Kwangu

Binti yangu anasoma historia chuo kikuu. Juzi aliniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, nani alistahili kuyarudisha majimbo ya waasi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani: rais au bunge? Nikamwambia mimi mwenyewe niliwahi kuwa jimbo la waasi. Akacheka.

Chama chetu cha Wakenya huku ughaibuni kiligawanyika kwa sababu ya ukumbi. Sisi tulitaka kukutana Quakers Hill, wenzetu waking'ang'ania Blacktown. Tukajitenga, tukaondoka na sufuria kubwa za chama. Hata leo nasema ule ukumbi wao ulikuwa mbovu. Lakini upweke si mchezo, tukaomba kurudi. Mwenyekiti, mtu wa huruma, akatangaza palepale kwamba tumesamehewa. Mama mmoja, nesi wa hospitali ya Westmead, akasimama. "Chair, nyumbani kwako karibisha unayemtaka. Kwa chama, ni members wanaamua." Nilimchukia. Mambo yakakwama hapo, tukawa hatuko ndani wala nje.

Ndipo mama yangu akafariki Kenya, nami sikuweza kusafiri. Nilipanga viti vya matanga sebuleni, hapa Rooty Hill, bila kujua vitakaliwa na nani. Mwenyekiti alifika peke yake, akanihakikishia kwamba kwa neno lake mimi ni mwanachama. Nilimshukuru kwa moyo wote, ila viti vilikuwa vitupu.

Kengele ikalia. Mlangoni alisimama yule nesi, bado amevaa sare ya kazi, na nyuma yake chama kizima. Hakunipa hata pole. Aliingia, akageukia watu.

"Tuko wa kutosha, so meeting ianze. Anayetaka huyu mwenzetu na kundi lake warudi, mkono juu."

Wa kwanza kunyooka ulikuwa wake. Ikafuata mingine, hata ya watu niliowahi kuwakatia simu kwa hasira. Hapo ndipo aliponikumbatia.

"Pole sana, my sister. Sasa, zile sufuria ziko wapi? Watu watakula nini?"

Nilimweleza binti yangu kwamba neno la mwenyekiti lilikuwa jema. Lakini lingeniacha nikijiuliza wengine wanasemaje. Siku ile sikuwa na la kujiuliza. Nilikaa chini, nikamlilia mama yangu katikati ya watu walionitaka.