Kitunguu Katika Pindo la Kanga

Siku tuliyomzika mume wa shangazi yangu, kule kisiwani, Ndagoni, wanawake wote waliokaa mkekani walilia isipokuwa yeye. Aliegemea ukuta, kajifunika kanga hadi kwenye paji la uso, na kila mara aliinua pindo la kanga akalikandamiza machoni. Akilishusha, macho yalikuwa mekundu na makavu.

Jirani yake, mama wa rika lake aliyekuwa akipepeta mchele wa msiba, aliniinamia sikioni.

"Miaka yote ile kalishwa, kavishwa, leo hata chozi moja? Nyoo!"

"Basi, mama."

"Basi nini? Mume wake, lakini nimemlilia mimi kuliko yeye."

Nilisema basi, ila moyoni nilikuwa upande wa jirani. Mimi ninayeandika riwaya, ninayejigamba kwamba najua kusoma nyuso, nilimtazama mwanamke aliyenilea likizo zote za utoto wangu nikajiambia: kumbe hakumpenda. Pindo lake lilinuka kitunguu. Nikadhani ni harufu ya jikoni.

Nilibaki kumhudumia, maana alikuwa ameingia eda. Wiki ya pili jicho la kushoto likavimba na kutoa usaha. Kila nilipotaja hospitali alinikatiza.

"Mjane hatoki. Nimesemwa kwa kutolia, unataka nisemwe na kwa kuzurura?"

Kisha asubuhi moja akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba jicho lile halinioni tena. Linaona weupe wa mlango tu. Nikakimbia kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Hakunipa hata nafasi ya kumaliza.

"Ugonjwa una ruhusa yake. Mpeleke sasa hivi, jicho halingoji eda!"

Tukapanda pikipiki mbili hadi hospitali ya Kilindoni.

Daktari alikuwa dada wa bara, kijana kama mimi. Alimwamkia shangazi shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamtonea dawa ya rangi jichoni na kummulika.

"Kuna kidonda juu ya kioo cha jicho. Kikizama zaidi, jicho linakwenda."

Akachukua kipande chembamba cha karatasi, akakipachika kwenye kope la chini la jicho la kulia, lile zima. Tungoje dakika tano, alisema, machozi yatailowesha. Nilitazama karatasi ile kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Dakika tano zikapita. Ilikuwa kavu, isipokuwa alama ndogo pale ilipogusa kope.

"Mama, mara ya mwisho kutoka machozi ni lini?"

"Sikumbuki. Yalinikimbia zamani."

"Na mdomo, nao mkavu?"

Hapo mimi ndiye niliyejibu. Muhogo wa kuchoma ulikuwa haumpiti kooni bila maji. Alitembea na kopo lake kila mahali, na sisi watoto tulimwita Bi Kopo, tukicheka. Meno yalimtoka mapema. Yote hayo niliyajua, na sikuwahi kuyaweka pamoja.

"Na humu jichoni umetia nini?"

Shangazi alilikunja pindo la kanga, akalikunjua.

"Kitunguu. Siku ya maziko nilikifunga hapa. Kilipokataa, nikatia pilipili manga kidogo. Watu walikuwa wananitazama, mwanangu."

Ninakumbuka nikishika ukingo wa kitanda. Alikuwa akijichoma macho mbele yetu sote, na mimi nilikaa hatua mbili kutoka kwake, nikinusa.

Daktari hakumgombeza. Alivuta kiti.

"Mama, machozi siyo maji matupu. Yana kimeng'enya, kinaitwa laisozaimu, kinachopasua ukuta wa bakteria kabla hawajashika. Kimo kwenye mate, kwenye makamasi, hata kwenye ute wa yai. Kila mahali mwili ulipo laini na wenye ute, kuna mlinzi huyo. Tezi zako zimekauka, kwa hiyo hapa mlangoni hapana mlinzi. Na wewe umeuchoma mlango wenyewe."

"Kumbe si moyo wangu mgumu," alisema shangazi.

"Si moyo, mama. Ni tezi."

Alipewa dawa ya kidonda na vichupa vya machozi ya dukani. Jicho lilipona, ila doa limebaki. Kwa upande ule anaona kama kupitia chandarua.

Siku ya pili tangu turudi, jirani alikuja na bakuli la uji, akamkuta shangazi amelowa mashavu.

"Makubwa! Leo ndiyo umeanza kumlilia?"

"Ya chupa hayo. Yangu yamekauka, daktari kapima."

Nikamweleza yote: karatasi, kitunguu, pilipili. Bakuli lilikuwa bado mkononi mwake.

"Mbona hukuniambia, shoga?"

"Ningekwambia sina machozi, ungeniamini?"

Jirani alitua bakuli, akaniuliza dawa nyingine ni saa ngapi. Baada ya swala ya alasiri, nikasema. Alasiri akarudi, akapitia uani, akaosha mikono kwa sabuni hadi viwiko, akanyoosha kiganja nimpe kichupa.

"Inua kichwa," alimwambia shangazi. "Fumbua. Usinipepesee macho."