Kikao cha Kuketi

Kuna Jumapili moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na juzi ulipoingia ukilalamika kwamba askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, wamewafukuza bustanini kwa sababu ya muziki wenu, ilinirudia yote. Ulisema bustani ni ya wananchi, kwa hivyo mwananchi afanye apendavyo. Sikukujibu, maana ulikuwa na hasira, nami nilikuwa na ugali motoni. Leo keti nikueleze.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Baba alikuwa ametutangulia, nami nikaacha shule mapema nikamsaidie mama. Kisha mama naye akaenda. Tulimzika nyumbani, huko magharibi, halafu nikarudi Nairobi na wadogo zangu wawili, Nora na Jairo, kwa sababu kazi yangu ilikuwa huku. Nilifua na kupiga pasi katika nyumba moja ya Muthangari, na jioni nilirudi Kawangware, kwenye chumba kimoja chenye pazia katikati.

Sasa kwetu, matanga yakiisha, wazee huketi kuamua watoto wa marehemu watalelewa na nani. Mama alipozikwa, mvua ilikivunja kikao hicho, na Baba Mkubwa Yona, kaka yake baba, akasema atakuja kukimalizia Nairobi, ambako jamaa zetu wengi walifanya kazi. Alikuwa ameshapanga kila kitu moyoni. Jairo angekwenda naye, Nora angepelekwa kwa mjomba Kitale, na mimi ningebaki na pasi yangu mpaka nipate mume. Hakuna aliyekuwa ameniuliza ninataka nini. Mimi nilitaka jambo moja tu, tusitenganishwe.

Chumba changu hakingetosha watu wale, na mwenye nyumba hakutaka umati uani kwake. Tukakubaliana tukutane bustanini, mjini, watu wakitoka kanisani. Sisi tulikwenda kwa miguu kupitia Hurlingham, watoto mbele, na nyuma Shangazi Tabitha, dada yake baba, akiwa na kikapu kizito ambacho hakutaka kusaidiwa kukibeba.

Langoni palikuwa na ubao wa sheria. Niliujua, kwa maana nilikuwa na desturi ya kuwaleta watoto pale wanyooshe miguu. Usichume maua, usiwashe moto, usiendeshe baiskeli kwenye nyasi, usifanye mkutano bila kibali. Hilo la mkutano sote tuliona halituhusu. Tulidhani mikutano ni ya wanasiasa.

Baba Mkubwa na jamaa wengine walikuwa wameshafika, tukakaa nao kwenye nyasi. Shangazi akafungua kikapu chake, na ndani mlikuwa na stovu, sufuria na majani ya chai.

"Shangazi, moto hauruhusiwi hapa," nikamwambia.

"Stovu si moto. Moto ni kuni."

"Na hiyo inachemsha maji kwa kitu gani?"

"Haya. Mtakunywa mate yenu," akasema, akaifunika stovu kwa leso kama mtoto aliyelala.

Baba Mkubwa akasimama, akavua kofia. Ndiyo desturi yetu, mwanangu. Mtu hasemi neno zito mbele ya wazee akiwa ameketi. Husimama, huvua kofia, husema yake, kisha humpisha mwingine asimame. Akaanza na marehemu babu, akateremka hadi kwa baba, kisha akatangaza mpango wake wa watoto, na sauti yake ilikuwa ile ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Watu waliokuwa wamelala kwenye nyasi wakainua vichwa. Mama mmoja aliyekuwa akimbembeleza mtoto wake karibu nasi akahamia mbali.

Askari wa bustani akaja, rungu kwapani.

"Mzee, hapa hakuna mkutano."

"Huu si mkutano," akasema Baba Mkubwa. "Hawa ni watoto wangu."

"Wewe unasimama unaongea, hawa wanakaa wanasikiza. Hiyo ni mkutano. Uko na kibali?"

Binamu yangu Enos, aliyekuwa karani na aliyependa watu wajue hivyo, akanyanyuka. "Kwani kosa ni ya miguu yake? Akikaa tutakuwa nini?"

"Akikaa mtakuwa watu wanapiga story. Hiyo haina shida."

"Sikiza, bwana. Zamani mtu kama mimi nikikanyaga nyasi hii nafukuzwa. Sasa tumepata uhuru, na bado wewe unanifukuza?"

"Mimi sijakufukuza. Nimesema mzee akae. Akikataa, ninamaliza hii mkutano, na yeye tunaenda na yeye."

Fikiria, mwanangu. Baba Mkubwa alikuwa ameshatangaza mpango wake, na mimi nilikuwa bado sijatoa hata neno. Kikao kikivunjwa pale, lake ndilo lingesimama, na kesho yake asubuhi watoto wangepanda basi naye. Na Enos alikuwa anakunja mikono ya shati.

"Baba Mkubwa," nikasema, "nakuomba uketi."

"Nizungumzie watoto wa ndugu yangu nikiwa chini, kama mtu anayemenya viazi?"

Hapo ndipo Shangazi Tabitha alipofungua kinywa. Hakupandisha sauti. "Yona, yule mama mwenye mtoto umemuona akihama? Na yeye ana haki ya nyasi hii kama wewe. Amekuja kupumzika, wewe unamhubiria habari za wafu asiowajua. Nyumbani kwako ungemwacha mtu akufanyie hivyo? Na wewe Enos, shusha mikono. Uhuru haujaletwa kwa ajili yako peke yako. Huyu kijana analinda bustani ya watu wote, na watu wote ni pamoja na wale ambao hawataki kukusikia."

Enos akaketi kwanza. Baba Mkubwa akabaki amesimama kwa muda, kofia mkononi, kisha akashuka polepole, akilalamikia magoti. Askari akasema, "Asante, mzee," akaondoka.

Na sasa sikiliza, kwa maana hapa ndipo maisha yangu yalipogeuka. Kama kikao kile kingefanywa kwa kusimama, mimi nisingesema. Msichana wa umri wangu kusimama mbele ya wazee wa ukoo kupinga neno la baba mkubwa, nani angenivumilia? Lakini sote tulikuwa chini, karibu karibu, na ilibidi kila mtu aseme kwa sauti ndogo. Hakuna aliyeweza kunguruma. Wazee waliinama mbele wapate kusikia, na walipoinama kwangu, nikasema.

"Nora na Jairo wanabaki na mimi."

"Na ukiolewa?" akauliza Baba Mkubwa.

"Atakayenitaka atatuchukua sote watatu. Asipotaka, aendelee na safari yake."

Shangazi akachekea puani. Baba Mkubwa hakucheka. Akaniuliza nani anawaangalia nikiwa kazini. Nikamwambia wakitoka shule huja Muthangari, hukaa jikoni mpaka nimalize, na mwajiri wangu ameridhia. Akaniuliza nitafanya nini mmoja akiugua. Nikamwambia nitafanya kama nilivyofanya mama alipougua, sitaondoka kando yake. Alijua ni kweli.

Akavaa kofia yake. "Nitakuja baada ya mavuno," akasema. "Nikikuta wamekonda, ninawachukua, na hutanizungusha tena."

"Karibu wakati wowote," nikasema.

Alipanda basi peke yake. Alikuja baada ya mavuno, na mavuno yaliyofuata, akileta mahindi, na hakuondoka na mtoto yeyote. Nora unamjua, ndiye aliyekupa jina. Jairo unamjua pia, anakunywa chai yangu yote.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usiingie mahali pa watu wote kama mtu anayeingia chumbani kwake. Soma ubao langoni, na lile unalodhani halikuhusu, lisome mara ya pili. Kama sheria inakukwaza, usibishane na askari aliyesimama juani, kwa sababu si yeye aliyeitunga. Nenda ofisini wanakotoa vibali, uombe, na wakikataa uende tena kesho. Muziki wenu uwe wa masikio yenu, kwa maana yupo mtu pale ambaye hana sebule wala ua, na nyasi ile ndiyo pumziko lake la wiki nzima. Lakini usitii kwa woga mpaka ukaondoka bila kufanya lililokuleta. Sisi tulitii, tukaketi, na jambo letu tukalimaliza palepale. Linalopasa kusemwa, lisemwe, hata kama ni kwa sauti ndogo.

Mungu akupe moyo usioyumba na ulimi usiosumbua jirani. Popote utakapoketi, upate nafasi, na umwachie mwenzako yake.